Mgonjwa Akiwa Mama, Uji Hupikwa na Nani?

Wahenga wetu walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni nyepesi: mtu aliyelala kitandani kwa maradhi hangojewi aseme ana njaa, hupikiwa akaletewa, akitaka atakunywa, asipotaka ataacha. Lakini wahenga, Mungu awarehemu, kuna jambo moja walilinyamazia. Hawakutwambia kwamba mgonjwa akiwa ndiye mama mwenye nyumba, huo uji hupikwa na nani.

Swali hili lilinijia mwezi wa Januari 2023, nikiwa nimeketi juu ya mtungi mtupu wa lita 20 katika foleni ya maji mjini Kitengela, kaunti ya Kajiado, karibu saa kumi na mbili za alfajiri. Mbele yangu walikuwa wanawake kumi na wanane. Waliokuwa nyuma sikuwahesabu. Wanaume tulikuwa wawili: mimi na mvi zangu na kanzu yangu, na kijana mmoja mwenye mkokoteni aliyekuwa akiteka maji ili akayauze.

"Mzee, umepotea?" aliniuliza mama mmoja kwa adabu. "Msikiti uko upande ule."

Nilimjibu kwamba msikitini nimeshatoka na wala sikupotea. Akanitazama, akautazama mtungi, akacheka; na wenzake wakacheka pia. Mpenzi msomaji, kicheko kile hakikuwa cha ubaya. Lakini kilinichoma, na ndicho kilichonifanya nikashika kalamu.

MGONJWA YUKO WAPI?

Nilikwenda Kitengela kumjulia hali binti ya ndugu yangu. Habari zilitufikia Mombasa kwamba alishikwa na kizunguzungu akaanguka kazini, na kwamba daktari amempata na presha. Nikapanda gari la moshi, nikashuka bara, nikashika matatu, na magharibi ikanikuta mlangoni pake. Nilitaraji kumwona amejilaza, amefunikwa shuka, na watu wamemzunguka kama ilivyo desturi kwetu pwani mtu akiugua. Nilimkuta amechutama mbele ya jiko, mtoto mgongoni, akichoma chapati.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?"

"Ndiye mimi, ami. Karibu ndani uketi, nakuja kukupikia chai."

Basi nikaketi, nikanywa chai ya mgonjwa. Kwa muda wa siku mbili nilikula chapati za mgonjwa, nikavaa kanzu iliyofuliwa na mgonjwa, na usiku nikalala katika kitanda cha mgonjwa, yeye na wanawe wakatandika jamvi chini. Ndipo siku ya tatu nikauchukua ule mtungi.

MJI ULIOZALIWA NA KAZI

Wengi wetu huku pwani jina la Kitengela twalisikia tu kwa madereva wa malori. Ni mji ulio kama kilomita 30 kusini ya Nairobi, katika barabara kuu iendayo Namanga na kuingia Tanzania. Zamani nchi ile yote ilikuwa malisho ya Wamaasai, na wanyama wa mbuga ya Nairobi walikuwa wakipita hapo kwenda na kurudi kwa kufuata mvua. Katika miaka ya 1980 ranchi ya jumuia iligawanywa, kila mwenye haki akapata kipande chake, na vipande navyo vikaanza kuuzwa.

Kisha, kwa sheria ya 1990, serikali ilianzisha maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza bidhaa ng'ambo, na pale Mto Athi, jirani na Kitengela, vikasimama viwanda vya kushona nguo. Wafanyakazi wa cherehani hizo wengi wao ni wanawake. Walikuja kutoka Ukambani, Nyanza, Magharibi, na wachache kutoka kwetu pwani. Wakahitaji mahali pa kulala, na Kitengela ikawapa. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta Kitengela ina wakazi 154,436. Kaunti nzima ya Kajiado, iliyokuwa na watu 687,312 mwaka 2009, ilikuwa na 1,117,840 miaka kumi baadaye.

Watu waliongezeka hivyo. Maji hayakuongezeka hivyo. Ghorofa zimeinuka, mifereji imetiwa ukutani, lakini ukiufungua mfereji mara nyingi hutoa pumzi tu. Watu hununua maji ya visima virefu, ya malori, ya punda, na ya mkokoteni. Na kuyafuata hayo maji, msomaji, ni kazi ya nani? Hilo lilijibiwa na ile foleni.

HESABU YA SIKU MOJA

Binti yetu ana watoto watatu. Mkubwa ni wa miaka kumi na mmoja, wa pili ana saba, na wa mwisho hajaachishwa ziwa. Mume wake ni dereva wa lori la masafa, leo yuko bandarini Mombasa, wiki ijayo yuko Kampala. Ni mtu mwema, haleti ugomvi, na mshahara wake haufichi. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani naandika habari ya mume mbaya. Ningekuwa naandika habari ya mume mbaya, kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Niliketi nikaihesabu siku yake. Huamka saa kumi, akasali, akaenda foleni. Nyumba yao hutumia mitungi sita kwa siku, nayo iko ghorofa ya pili. Mtungi mmoja ukijaa ni kilo 20, basi kila siku mama huyu huinua kilo 120 kuzipandisha ngazi, na baadhi yake huku ana mtoto mgongoni. Maji hayo ni lita 24 kwa kila mtu wa nyumba ile, ilhali Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtu huhitaji kuanzia lita 50 kwa siku apate kutimiza haja zake za lazima. Kwa hiyo maji ya kuoshea vyombo husafishia sakafu, na ya sakafu hutiwa chooni.

Saa moja huwa yuko kiwandani. Hushona mifuko ya suruali, mfuko baada ya mfuko, kwa idadi aliyowekewa. Hukaa hapo mpaka jioni. Akirudi kuna kupika, kuna nguo, kuna mtoto anayekohoa.

Na kipindi kile kulikuwa na jambo la ziada. Shule zilikuwa zimefungwa tangu mwisho wa Novemba 2022, zikangoja hadi Januari 23, 2023 ndipo zifunguliwe. Karibu miezi miwili watoto walikuwa nyumbani, katika jua ambalo halikuacha hata jani bichi. Wenye nafasi huwapeleka wanao kwa bibi zao, au huja nao kwetu kuogelea. Yeye likizo yake ilikuwa ni kumlipa jirani amtazamie watoto, na kila saa akiwa mbele ya cherehani moyo uko nyumbani: je, wamekula? Je, mkubwa amemwacha mdogo karibu na jiko?

Nilimuuliza, "Na kliniki ya presha waenda lini?"

"Ami, kliniki ni siku ya kazi. Nikienda nakatwa mshahara wa siku. Dawa ninazo, nazigawa."

"Wazigawa vipi?"

"Nikijisikia vizuri sinywi. Kichwa kikiuma nameza kimoja."

Mpenzi msomaji, hapa nataka usimame kidogo, kwani huenda nyumbani kwako kuna mtu anayefanya hivi. Presha haina adabu ya kubisha hodi. Wengi walio nayo hawasikii lolote, mpaka siku mshipa wa kichwani unapopasuka au moyo unapochoka. Kipimo kikirudia kuonyesha 140 juu au 90 chini, hiyo ni presha, hata kama mwenyewe anajisikia mzima. Na dawa yake humezwa kila siku kama alivyoamuru tabibu. Haingojwi kichwa kiume. Kuigawa kwa kukisia ni sawa na mtu kuziba paa kiangazi kisha akalifungua mvua ikianza.

MAJI YA CHUMVI

Tabibu alimwambia apunguze chumvi. Ya chunguni aliipunguza. Lakini maji mengi ya visima vya Kitengela yana chumvi yake yenyewe. Chai hubadilika ladha, na sabuni hukataa kutoa povu. Chumvi ya chunguni i mkononi mwake, ile ya majini hana la kuifanya, ila akinunua maji ya chupa, na ya chupa ni kwa mtoto.

Kuna na jingine. Katika Bonde la Ufa na pembezoni mwake maji ya chini ya ardhi huwa na madini ya floraidi kwa wingi, na Kajiado ni mojawapo ya pahala hapo. Kiasi kidogo huimarisha meno, lakini kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi hapo, mtoto anayekua nayo huota meno yenye madoa ya hudhurungi, na yakizidi sana kwa miaka mingi hata mifupa huharibika. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa floraidi haipandi na mvuke. Nilimwona mtoto mmoja pale foleni akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Mama yake alinambia, "Anaona haya meno yake, mzee." Mtoto wa miaka tisa!

KAJIADO, MTO MREFU

Binti yetu ana jirani wa Kimaasai aliyekuwa akimuuzia maziwa. Nasema aliyekuwa, kwa sababu siku hizo ng'ombe walikuwa hawana maziwa ya kuuza, na wengi hawakuwa na uhai pia. Aliposikia kwamba mimi ni mwandishi, alinambia, "Mzee, kama unaandika habari za kina mama na jua, twende kwa mama yangu, Kajiado." Nikafuatana naye siku ya Jumamosi.

Njia yapita Isinya, nchi ikiwa imekaa kama kiganja cha mtu mzima, mistari na vumbi. Na msomaji ataajabia jina la mji tuliokuwa tukiuendea. Kajiado ni neno la Kimaasai lililofupishwa, Olkejuado, na maana yake ni mto mrefu. Nilipofika niliuona huo mto. Ulikuwa mrefu kweli, lakini ni mchanga mtupu, na wanawake walikuwa wamechimba mashimo humo, mmoja yumo ndani hadi mabegani akichota kwa kikombe, mwenzake yuko juu akipokea.

Mvua ilikuwa imewakimbia misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022. Wanaume wengi na vijana walikuwa wamehama na mifugo iliyobaki kutafuta malisho. Nao hawakwenda kustarehe, walilala porini na njaa na fisi. Lakini huku boma lilibaki kwa kina mama: watoto, wazee, mbuzi wagonjwa, na maji ya kufuatwa kwa masaa. Hata nyumba yenyewe kwa mila ya Kimaasai hujengwa na mwanamke. Yeye hukata fito, hukandika kwa udongo na samadi, na ikivuja hupanda juu akaziba. Ama kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Mimi niliyelalamikia mtungi mmoja wa Kitengela nilinyamaza kimya.

MACHO YA MAMA

Tulimkuta bibi mwenyewe ameketi kivulini, leso ameibana machoni. Nilimsalimu "takwenya" kama nilivyofundishwa njiani, akaitikia "iko", lakini kichwa hakukiinua. Binti yake akanieleza, "Yeyo hawezi mwangaza. Kope zimemgeukia."

Maradhi hayo huitwa trakoma, na wengine huyaita vikope. Kajiado imo katika kaunti za Kenya ambako yamepigwa vita miaka mingi. Ni kijidudu kinachoingia jichoni, na hupendelea watoto wadogo. Hutoka uso wa mtoto kwa mikono, kwa nguo ya kufutia, na kwa nzi, kikaingia jicho la mwingine. Mara moja si neno. Likirudi mara nyingi, miaka nenda miaka rudi, ndani ya ukope hufanya makovu, ukope ukajikunja, na kope zikawa zinalikwaruza jicho kila linapopepesa, mpaka linaingia giza.

Sasa sikiza, msomaji. Duniani kote wanawake hupofushwa na maradhi haya kuliko wanaume, hata mara nne zaidi. Na sababu kubwa si siri. Mwenye kumbeba mtoto ni nani? Mwenye kumfuta uso kwa ncha ya leso, kisha akajifuta jasho kwa leso ile ile, ni nani? Bibi yule amelea watoto na wajukuu, na kila aliyemfuta kamasi alimwachia chembe yake machoni. Ni maradhi ya huruma, kama yaweza kusemwa hivyo.

Na kinga yake ni nini? Matabibu wana mambo manne: upasuaji mdogo wa kuzirudisha kope zilizogeuka, dawa ya kuua kijidudu, uso wa mtoto kuoshwa ukatakata, na mazingira kuwa safi, yaani maji na vyoo. Katika yote hayo mawili ni maji. Nikamuuliza yule binti, "Uso wa mtoto huoshwa mara ngapi kwa siku?" Akacheka kidogo, akanionyesha kikombe kimoja. "Mzee, hiki ni cha kunywa, ama cha uso?"

Alhamdulillah, bibi yule mwaka ule ule alipelekwa hospitali na wanawe akapasuliwa, na jicho moja limerudi kuona vyema. La pili lilichelewa.

BI HAJAR NA WANAOMFUATA

Nikiwa njiani kurudi Kitengela moyo wangu ulikwenda mbali, kwenye bonde jingine lisilo na mmea. Sote twakijua kisa cha Bi Hajar, mama yake Nabii Ismail, amani iwe juu yao. Alikuwa peke yake na mtoto mchanga, maji yamekwisha, jua ni kali. Akakimbilia Safa, akatazama, hakuona mtu. Akashuka, akaenda Marwa, akatazama, hakuona mtu. Akafanya hivyo mara saba, mpaka Mola akamtolea Zamzam. Ulikuwa mwendo wa kilomita tatu hivi, wa mama aliyetafuta maji ya mwanawe.

Mwendo ule Mola aliufanya kuwa ibada. Haji haitimii bila saayi, wala umra. Mfalme aenda, maskini aenda, mwanachuoni aenda, wote wakiifuata nyayo ya mama mmoja aliyehangaika. Lakini kuna jambo dogo ndani yake ambalo nililisoma chuoni nikiwa mtoto, nikalitenda Makka nikiwa mtu mzima, na maana yake haikunipambaukia mpaka siku ile ndani ya matatu ya Kajiado. Katikati ya Safa na Marwa pana kipande, leo kimetiwa alama ya taa za kijani, ambapo ni suna kukimbia. Na anayekimbia hapo ni mwanamume. Mwanamke huenda kwa mwendo wake wa kawaida.

Tafakari, ndugu yangu. Aliyekimbia mara ya kwanza alikuwa mwanamke. Lakini ilipokuwa sharia, mwanamume ndiye aliyeambiwa akimbie, na mwanamke akaambiwa atembee. Mimi si mufti, na hekima ya Mungu haifungwi na akili yangu. Lakini moyo wangu waniambia kuna somo hapo: taabu ya mama haitukuzwi kwa kumwacha aendelee kukimbia peke yake. Hutukuzwa kwa mwanamume kukunja kanzu yake na kukimbia yeye.

Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, twaambiwa na Bi Aisha kwamba akiwa nyumbani alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na adhana ikisomwa hutoka kwenda kusali. Alishona nguo yake mwenyewe na kukama mbuzi wake. Basi ile heshima tunayoogopa kuipoteza kwa kushika ndoo, tuliipata kwa nani?

SHAIRI NA NDOO

Nisije nikaonekana nahubiri huku nimejitenga, acha niseme la kwangu. Miaka mingi iliyopita, maji yalipokatika mtaani kwetu Mombasa kwa majuma kadhaa, nilikuwa kijana mwenye mke mja mzito, na jina langu la ushairi limeanza kutajwa. Siku hizo nilitunga shairi refu la kumsifu mama. Likasomwa redioni. Niliifungulia redio sauti ya juu ili majirani wasikie, na mke wangu akaingia wakati ule ule, ametoka kisimani, ndoo kichwani, miguu imemvimba. Alisimama akalisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole tu, "Shairi ni zuri, bwana. Sasa niinulie ndoo."

Nilimwinulia. Lakini kesho yake alikwenda tena yeye. Mimba ile haikufika mwezi wake. Tabibu hakutwambia kuwa ni ndoo, wala mimi sisemi ni ndoo. Ajali ya Mungu haina mpinzani. Lakini kila nikiliona shairi lile katika karatasi zangu, huligeuza upande wa pili.

MTUNGI WA MKWE

Sasa turudi kwenye foleni yetu ya alfajiri. Siku ya nne nilikwenda tena, na wale kina mama hawakucheka. Walinipisha mbele, nikakataa. Siku ya tano, nikiwa napanda ngazi na mtungi wangu wa tatu, nikakutana uso kwa uso na mume wa binti yetu, ndiyo kwanza ateremka kwenye lori, amechoka, mfuko begani. Akaona mkwewe, mzee mwenye kanzu, amebeba maji.

"Subhanallah! Ami! Nini hii? Waniaibisha!"

"Aibu ya nini, mwanangu?"

"Wewe kubeba maji, na nyumba ina mwenyewe."

"Mkeo ana presha, alianguka, na alikuwa akibeba sita kila siku. Wakati huo aibu ilikuwa wapi?"

Hakujibu. Aliweka mfuko chini, akaupokea mtungi, akapanda nao. Kisha akashuka akachukua mwingine, na mwingine. Jirani mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta akamtania kwamba amelishwa limbwata na mkewe. Nilimwona kijana amejikaza shingo, lakini hakurudi nyuma.

Usiku ule tuliketi tukapanga mambo, na binti mwenyewe alisema zaidi kuliko wote, kwani aijuaye nyumba ni yeye. Baba akiwapo, maji ni yake. Akiwa safarini, hulipwa kijana wa mkokoteni ayapandishe hadi mlangoni, na fedha hizo huhesabiwa pamoja na kodi ya nyumba. Mtoto mkubwa, naye ni wa kiume, afundishwe kupika ugali na kumfua mdogo wake. Siku ya kliniki haikosewi, na mshahara ukikatwa, umekatwa. Na Ramadhani ilikuwa yaja mwishoni mwa Machi. Nikamwambia kabla hajatia nia aende kwa tabibu akamuulize saa za dawa, na kama hataruhusiwa, Qurani imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Ruhusa ya Mungu si ya kuonewa haya.

Mvua zilirudi. Na zilirudi kwa kisasi: mwanzoni mwa Mei 2024 Kitengela hiyo hiyo ilifurika, watu wakaokolewa kwa mashua. Kutoka ukame hadi mafuriko, na katikati hapana aliyekinga. Nawaambia wenye nyumba, hesabu yake ni ndogo: mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya bati la mita 50 za mraba yaweza kuleta kama lita 1,000, yaani mitungi 50. Mfereji wa paa na tangi humwondolea mama foleni za siku nane.

Binti yetu bado ana presha, kwani si maradhi ya kwisha kwa mwezi. Lakini dawa humeza kila siku. Mara ya mwisho nilipowatembelea nilikuta mlango wazi, nikabisha hodi. Aliyekuja na chai alikuwa yule mtoto wa kiume, sukari imezidi, majani hayakuchujwa vyema. Mama yake alikuwa amelala, mchana kweupe, na hapana mtu aliyemwamsha. Sijapata kunywa chai tamu kama ile.

Lile shairi la ujana wangu nimeliacha lilale upande wake wa pili. Badala yake nimetunga ubeti mmoja tu, nao ni huu:

Kila kukicha ni mama, na ndoo yake kichwani,
Jua lawaka lachoma, na mwana yu mgongoni,
Baba ameketi nyuma, angoja chai mezani,
Inuka baba simama, ndoo shika mkononi.

Wabillahi taufiki.